Umeitwa kwenye jaribio la kitabibu la nguvu za mwili? Pita hapa kabla hujasaini

#1 Kaza Mwendo (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Kila mtu akiuliza kama akubali kuingia kwenye jaribio la kitabibu la mazoezi ya nguvu, hujibiwa kwa namna mbili tu. Wapo wanaomwambia asithubutu, atafanywa panya wa maabara. Wapo wanaomwambia akimbilie, atapata mazoezi na vipimo vya bure. Nimewahi kuwa mshiriki, na kwa muda sasa nimo kwenye jopo la washiriki wa zamani tunaopitia fomu za ridhaa kabla hazijapelekwa kwa watu, nikaona niweke uzi mmoja ili mwenye swali apate pa kuanzia.

Nitangulize lile ninalotaka likukae zaidi: usisaini mpaka uwe umekubali moyoni kuangukia kundi usilolitaka.

Majaribio mengi ya aina hii hugawa watu makundi mawili au zaidi kwa bahati nasibu, na kompyuta ndiyo inayopanga. Daktari hachagui, mratibu hachagui, na hata ukiwa na ndugu ndani ya mradi hawezi kukusogeza. Kundi moja litanyanyua vyuma chini ya mwalimu. Jingine litapewa mazoezi mepesi ya kunyoosha viungo, au masomo ya afya, au litaendelea na maisha yake na kuja kupimwa tu. Sasa watu wengi huingia wakiwa na picha ya vyuma kichwani. Karatasi ikitoka imeandikwa kundi linganishi, yaani hilo lisilonyanyua vyuma ambalo wengine wanalinganishwa nalo, wanaona wamenyimwa haki. Wengine huacha kupokea simu. Wengine hubaki, lakini wanajiunga na jimu kimyakimya wakidhani hawamdhuru mtu.

Wanadhuru, tena sana. Tazameni hili.

Mwaka 1990 huko Boston, Marekani, watafiti walioongozwa na Maria Fiatarone walichapisha matokeo ya wazee 10 dhaifu waliokuwa wakiishi kwenye makao ya kutunzia wazee, umri wao kwenye miaka 90. Walinyanyua uzito mkubwa kwa miguu kwa wiki 8. Waliomaliza walikuwa 9, na nguvu za miguu yao ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Watu wa miaka 90! Wakati ule wengi walidhani mzee wa umri huo ukimpa uzito unamtafutia kuvunjika.

Lakini jaribio lile halikuwa na kundi la kulinganisha. Mbishi angeweza kusema labda wamepata nguvu kwa sababu walikuwa wanatembelewa, wanaongeleshwa, wanatiwa moyo. Au wameizoea mashine tu, maana siku za mwanzo nguvu nyingi zinazoongezeka ni za neva kujifunza kuamuru msuli, si nyama mpya. Na mbishi huyo angekuwa na hoja. Ndiyo maana mwaka 1994 watafiti walewale walirudi na wazee 100, wastani wa miaka 87, wakawapanga kwa bahati nasibu kwa wiki 10. Walionyanyua walipanda asilimia 113. Wasionyanyua walipanda asilimia 3. Kasi ya kutembea ya walionyanyua iliongezeka karibu asilimia 12, ya wenzao ikashuka kidogo. Na kinywaji cha lishe walichopewa baadhi yao, ambacho mtu angedhani ndicho chenye siri, hakikuonyesha faida kwenye vipimo vikuu.

Sasa hiyo asilimia 3 imetoka wapi? Imetoka kwa wazee waliokubali kutonyanyua chochote na bado wakaja kupimwa mwanzo na mwisho. Bila wao, ile 113 ingebaki kuwa hadithi ya kufurahisha. Tuseme robo yao wangekuwa wanajifua kwa siri vyumbani. Ile 3 ingepanda, pengo lingefinywa, na watafiti wangeandika kwa nia njema kabisa kwamba faida ya mazoezi kwa wazee ni ndogo. Anayeumia hapo ni mzee mwingine, mahali pengine, ambaye miaka baadaye daktari wake hamwandikii mazoezi kwa sababu ya karatasi hiyo.

Kuhusu utaratibu wenyewe sitakaa sana. Kwanza unachujwa: presha, moyo, dawa unazotumia, ngiri, mfupa uliovunjika karibuni. Ukiwa tayari unanyanyua vyuma mara kwa mara huenda ukakataliwa, kwa sababu wanatafuta mtu ambaye mwili wake bado una nafasi ya kubadilika. Kukataliwa kwenye mchujo si dharau, na mara nyingine mchujo humwibulia mtu presha ambayo hakujua anayo. Baadaye unasaini, unapimwa vipimo vya mwanzo, ndipo unapangiwa kundi. Angalia mpangilio huo: vipimo vya mwanzo kabla ya kundi. Ukiona umeambiwa kundi kabla hujapimwa, uliza kwa nini.

Karibuni kwa maswali.

#2 Jicho la Tatu

Mkuu umeandika vizuri ila unapamba. Historia ya hawa watafiti tunaijua. Watu weusi waliachwa waoze na kaswende huku wakiambiwa wanatibiwa. Leo unatuambia twende tukasaini?

#3 Kaza Mwendo

Jicho la Tatu, kwenye historia hujakosea hata neno. Ni Tuskegee, Alabama, kuanzia 1932 hadi 1972. Wanaume weusi 600 hivi, 399 kati yao wakiwa na kaswende, wakaambiwa wanatibiwa "damu mbaya". Penisilini ilipokuwa tiba ya kawaida miaka ya 1940, wao hawakupewa. Anayekwambia usahau jambo hilo hakutakii mema.

Ninachosema ni kwamba leo silaha unazo mkononi, na nyingi zimezaliwa na maovu ya namna hiyo. Kanuni za Nuremberg za 1947, zilizotoka kwenye kesi ya madaktari wa Kinazi, zilianza na ridhaa ya hiari ya mtu mwenyewe. Azimio la Helsinki la 1964, la madaktari wa dunia kuhusu maadili ya utafiti kwa binadamu, limerekebishwa mara nyingi, hivi karibuni zaidi mwaka 2024. Kutokana na hayo, jaribio halali lazima lipitishwe na kamati ya maadili ambayo haimtegemei mtafiti, na jina na namba ya kamati hiyo viwe kwenye fomu yako. Una haki ya kutoka siku yoyote, bila kueleza sababu, na matibabu yako ya kawaida yasiguswe. Na jaribio linatakiwa liwe limesajiliwa hadharani kabla ya kuandikisha mtu wa kwanza. Waombe namba ya usajili, uitafute mwenyewe kwenye ClinicalTrials.gov au kwenye lango la usajili la Shirika la Afya Duniani. Ukiikuta, soma walichosema watapima. Hapo ndipo unapowashika, maana baadaye hawawezi kubadilisha swali kimyakimya ili lifanane na jibu walilolipata.

Ukiomba namba hiyo wakaanza kuzungukazunguka, ondoka. Wakikudai ada ya kushiriki, ondoka pia. Kurudishiwa nauli na kufidiwa muda ni kawaida. Mshiriki kutoa pesa ili apimwe nguvu za miguu si kawaida.

Kwa hiyo sijakuambia usaini. Nimekuambia usisaini mpaka.

#4 Muuguzi wa Zamu

Naomba niongeze kutoka upande wa anayepima, maana ndiyo kazi yangu.

Ukija siku ya vipimo, nakuomba usiniambie uko kundi gani. Kwenye vidonge, mshiriki anaweza kufichwa kama amepewa dawa au dawa bandia. Kwenye mazoezi haiwezekani, anayebeba vyuma anajua anabeba vyuma. Anayeweza kufichwa ni mimi. Ndiyo maana chumba cha vipimo huwa mbali na chumba cha mazoezi, na wanaofundisha hawaruhusiwi kunipigia hadithi za washiriki.

Watu huona ni mambo madogo, basi nieleze kipimo cha kubana kiganja kilivyo. Unakaa kwenye kiti, mabega umeyashusha, kiwiko umekikunja pembe mraba, mkono haujaegemea popote. Nakupa dainamomita, kile kichuma chenye mshikio na saa ya kilo, nauweka mshikio sawa na ukubwa wa kiganja chako. Nasema: "Bana, bana, bana, bana, achia." Mara tatu kila mkono, kwa kupokezana, tukipumzika katikati. Maneno yaleyale na sauti ileile kwa kila mtu. Sasa nikijua kwamba huyu mama amekuwa akijifua miezi yote hii, nitatamani afaulu. Sauti yangu itapanda bila mimi kujitambua, naye atabana zaidi, na hizo kilo mbili zilizoongezeka zitakuwa zangu mimi, si za msuli wake. Nimeshuhudia mshiriki akiingia na kusema kwa furaha, "Nesi, tangu nianze vile vyuma!" Ikabidi nitoke, aitwe mpimaji mwingine kutoka jengo jingine, na yule mama akasubiri karibu mchana mzima.

Kipimo cha kiti nacho ni hivyohivyo. Mikono imekunjwa kifuani, unasimama wima na kukaa mara 5 haraka uwezavyo. Saa naianza nikisema "haya" na kuisimamisha ukinyooka mara ya tano. Wataalamu wa Ulaya waliokutana mwaka 2018 kuhusu kupungua kwa misuli uzeeni wanahesabu zaidi ya sekunde 15 kuwa dalili ya udhaifu. Kwa kubana kiganja, mpaka wao ni chini ya kilo 27 kwa mwanamume na chini ya kilo 16 kwa mwanamke. Unaona jinsi kilo moja au sekunde moja inavyoweza kumhamisha mtu kutoka upande mmoja wa mstari kwenda mwingine.

Basi njoo na viatu vya aina ileile uliyovaa mara ya kwanza, uwe umelala, na usifanye kazi nzito jana yake. Na ukiniona sikuchangamkii sana, usinichukie.

#5 Chuma Asubuhi

Kaka Kaza Mwendo, mbona za dawa hukuzigusa? Nasikia kuna majaribio mtu anapaka homoni mwilini, misuli inajaa. Mimi nikipata nafasi hiyo naingia kesho.

#6 Kaza Mwendo

Mdogo wangu, hizo zipo, na kwanza nikuulize wewe una upungufu gani unaotakiwa kutibiwa. Maana karibu zote zinatafuta watu wenye udhaifu uliopimwa, wengi wao wazee.

Nikupe mfano mmoja uutafakari. Kulikuwa na jaribio Marekani la wanaume 209 wenye miaka 65 na zaidi, wenye testosteroni (homoni ya kiume) ndogo na shida ya kutembea. Nusu walipaka jeli ya testosteroni kila siku, nusu jeli bandia. Upande wa nguvu, waliopaka homoni walifanya vizuri kweli: kusukuma uzito kwa miguu na kifua, kupanda ngazi na mzigo. Ungesimama hapo ungesema dawa imepatikana. Lakini majaribio ya aina hii kwa kawaida huwa na bodi ya usalama, watu wa nje ambao peke yao ndio wanaoona takwimu za makundi yote wakati jaribio linaendelea. Mwishoni mwa 2009 bodi ile ilisema simamisheni. Waliopata matatizo yanayohusiana na moyo na mishipa walikuwa 23 upande wa homoni, na 5 upande wa jeli bandia. Matokeo yakachapishwa mwaka 2010.

Baadaye likaja jaribio kubwa zaidi, la wanaume zaidi ya 5,000, likatoka 2023. Hilo lilionyesha kwamba kwa wanaume wenye testosteroni ndogo kweli, shambulio la moyo na kiharusi havikuzidi kuliko kwa dawa bandia, ila moyo kupiga bila mpangilio na damu kuganda mapafuni vilijitokeza zaidi. Kwa hiyo jibu halikuwa "sumu" wala "salama". Limetoka kwa watu waliokubali kupaka kitu kila siku bila kujua ni kipi.

Kuna na hili: msuli kuongezeka si sawa na nguvu kuongezeka. Dawa inayoitwa bimagrumab ilijaribiwa kwa wazee waliopungukiwa misuli, matokeo yakachapishwa 2020. Nyama za mwili ziliongezeka. Uwezo wa kutembea na kuinuka haukuwazidi waliopewa dawa bandia, kwa sababu makundi yote mawili yalipewa mazoezi na lishe, na yote mawili yaliboreka.

Ukiitwa kwenye ya dawa, uliza ni awamu ya ngapi. Awamu ya kwanza inatafuta kipimo kinachovumilika na madhara, haikutafutii wewe nguvu. London mwaka 2006, vijana 6 wenye afya walipewa dawa ya kuamsha mfumo wa kinga iitwayo TGN1412 kwa mara ya kwanza kwa binadamu, na ndani ya siku moja walikuwa mahututi. Wote waliokoka, lakini tangu hapo dozi ya kwanza hupewa mtu mmoja, wenzake wakangoja kuona. Usiingie kwa hamu ya kifua.

#7 Mama Mapacha

Habari zenu wapendwa. Mimi daktari ameniambia mifupa yangu imepungua uzito, na nimeitwa kwenye jaribio la kunyanyua vitu vizito. Nimeogopa. Si ndiyo nitavunjika?

#8 Muuguzi wa Zamu

Dada, hofu yako ni ya haki na ndiyo hofu ambayo watafiti wa Australia waliamua kuijaribu. Jaribio linaitwa LIFTMOR, lilichapishwa 2018. Wanawake 101 waliokwisha kukoma hedhi, mifupa yao imepungua. Nusu walifanya mazoezi mazito dakika 30, mara 2 kwa wiki, miezi 8: kuinua chuma kutoka chini, kuchuchumaa nacho mabegani, kukisukuma juu ya kichwa, na kujining'iniza kisha kutua chini kwa kishindo. Uzito wenyewe ulikuwa zaidi ya asilimia 85 ya kiwango cha juu ambacho kila mmoja angeweza kuinua mara moja. Wenzao walifanya mazoezi mepesi nyumbani. Mifupa ya kiuno ya walionyanyua iliongezeka karibu asilimia 3, ya wenzao ikapungua kidogo. Aliyepata madhara kutokana na kunyanyua ni mmoja, mgongo ulikaza, akakosa vipindi viwili.

Lakini usichukue hadithi hiyo ukaenda kunyanyua peke yako. Wale walianza na uzito mdogo wakajifunza mikao kwanza, na msimamizi alikuwa anawatazama kila kipindi. Ulizia hapo: msimamizi mmoja anaangalia watu wangapi? Wakikujibu ishirini, mimi nisingeingia.

#9 Nilishaacha

Mimi niliwahi kuingia. Nikapangiwa kunyoosha viungo. Nikaenda mara chache nikaona wananipotezea muda, nikaacha bila kuaga. Na baada ya hapo hawakuwahi kuniambia hata matokeo yalikuwaje. Kwa hiyo haya maneno ya "kundi linganishi ni muhimu" ni mazuri kusoma, lakini wao wenyewe hawakutujali.

#10 Kaza Mwendo

Ndugu yangu, kutopewa matokeo ni kosa lao na sitalitetea. Azimio la Helsinki linasema mshiriki apewe nafasi ya kujulishwa matokeo ya jumla. Kwenye jopo letu fomu isiyosema matokeo yatawafikiaje washiriki tunairudisha. Na jaribio zuri huliwekea kundi linganishi kitu mwishoni, kwa mfano kupewa programu ileile ya vyuma baada ya kipimo cha mwisho.

Kwenye kuacha, nikueleze kinachotokea ukiondoka, kwa sababu watu hawaambiwi. Watafiti hawakufuti. Hesabu kuu huwaweka watu wote kwenye kundi walilopangiwa, hata aliyeacha siku ya pili. Inaonekana kama ukaidi, lakini wakihesabu waliomaliza tu, watabaki na wenye moyo na wenye afya, na mazoezi yataonekana yanafanya miujiza. Ndiyo maana unapoacha mazoezi, jambo la thamani kubwa unaloweza kufanya bado ni kukubali kuja kupimwa mara ya mwisho. Kuacha mazoezi na kuacha vipimo ni vitu viwili, na una haki ya kuacha kimoja ukabaki na kingine. Una haki ya kuacha vyote pia.

Na hao wa "kunyoosha" na wa "masomo" wamebeba makubwa. Jaribio la LIFE la Marekani, lililotoka 2014, lilikuwa na watu 1,635 wenye miaka 70 hadi 89 waliokuwa dhaifu lakini bado wanaweza kutembea mita 400. Nusu walipewa programu ya kutembea, nguvu na mazoezi ya mwili kutoyumba. Nusu walihudhuria masomo ya afya na kunyoosha mikono kidogo. Wakafuatiliwa kwa wastani wa miaka 2.6. Waliopoteza uwezo wa kutembea zile mita 400 walikuwa asilimia 30.1 upande wa mazoezi na 35.5 upande wa masomo. Pengo ni pointi tano tu. Watu hamsini wakiacha bila kuaga, pengo kama hilo linaweza kufifia lisionekane.

#11 Nimepona Nashukuru

Nimesoma kimya mpaka hapa, naomba kuchangia. Mimi nimepita kwenye saratani. Kuna jaribio linaitwa CHALLENGE, matokeo yake yametoka 2025. Watu 889 waliokuwa wamemaliza upasuaji na dawa za saratani ya utumbo mpana. Nusu walipewa mkufunzi wa mazoezi kwa miaka 3, wengi wao kutembea kwa kasi tu. Nusu walipewa vitabu vya afya. Baada ya miaka 8, waliokuwa hai ni asilimia 90.3 kwa wa mazoezi na 83.2 kwa wa vitabu. Maumivu ya misuli na viungo yalikuwa mengi zaidi upande wa mazoezi, nalo walilisema wazi.

Kilichonigusa ni kwamba kuandikisha watu kulianza 2009 na kukaisha 2024. Kuna waliopewa kijitabu mwaka wa kwanza wakakaa humo mpaka mwisho. Mimi ushauri ninaopewa leo kliniki wa kutembea kila siku una watu wale nyuma yake, na sina hata njia ya kuwashukuru.

#12 Jicho la Tatu

Nimeisoma hiyo ya CHALLENGE mara mbili. Bado sijasema nitasaini chochote, lakini swali langu limebadilika. Hao waliopewa vitabu, walijua kwamba huenda wenzao wanapata kitu cha kuokoa maisha?

#13 Kaza Mwendo

Walijua yapo makundi mawili na nani anapata nini. Hakuna aliyejua kipi kinaokoa, watafiti wenyewe hawakujua, na hilo ndilo sharti. Jaribio la kugawa watu kwa bahati nasibu ni halali pale tu ambapo wataalamu kwa ukweli hawajui kipi ni bora. Siku watakapojua, bodi ya usalama inatakiwa isimamishe. Likifichwa jibu linalojulikana, tumerudi Tuskegee. Kwa hiyo swali lako ndilo la kumuuliza mtafiti ana kwa ana: "Ni kitu gani hasa ambacho hamkijui?" Mwenye jaribio la maana atakujibu kwa sentensi mbili zilizonyooka.

#14 Mwalimu Mstaafu

Vijana wangu, nina miaka 74. Goti la kulia lilifanyiwa upasuaji zamani. Nimeitwa kwenye jaribio la mwaka mzima la mazoezi ya nguvu, fomu ina kurasa nyingi na maandishi madogo. Kuna mahali wameandika watachukua kipande cha msuli. Niwaulize nini?

#15 Kaza Mwendo

Shikamoo mwalimu.

Kwanza usisaini siku hiyohiyo. Fomu ni yako, nenda nayo nyumbani, msomee mtu unayemwamini, na uwaonyeshe wanaokutibu goti. Mtafiti si daktari wako hata akiwa amevaa koti jeupe. Kazi yake ni kupata jibu la swali lake, na programu haitarekebishwa kukufuata wewe kama tiba inavyorekebishwa.

Goti litaje mapema, tena kwa maandishi. Uliza zoezi lipi litabadilishwa kwa ajili yake na nani ataamua kupandisha uzito. Maumivu ya misuli siku moja mpaka tatu baada ya kipindi ni ya kawaida, hasa wiki za mwanzo. Maumivu ndani ya kiungo si hayo, hata wakikuambia vumilia.

Kipande cha msuli huchukuliwa pajani kwa sindano nene. Wanatia ganzi, wanachana ngozi kidogo, wanatoa kipande kidogo cha nyama, wanabana jeraha. Ganzi inachoma kidogo, kisha unahisi msukumo mzito kuliko maumivu, halafu paja linakuwa kama limepigwa teke kwa siku kadhaa. Ukitumia dawa za kuyeyusha damu, lazima wajue kabla hata hawajakupangia tarehe. Mara nyingi kipimo hiki ni cha hiari na kina kisanduku chake cha kutia tiki. Kama hukitaki kiache wazi, kisha uulize kama bado utapokelewa. Uliza pia kipande kitahifadhiwa muda gani, kitatumika kwa utafiti mwingine bila wewe kuulizwa, na ukijitoa kitaharibiwa au la.

Uliza nani analipa ukiumia. Tafuta neno bima kwenye fomu. Likikosekana, waambie waliandike.

Na mwaka mzima ni mrefu, mwalimu. Waambie wakuandikie idadi ya safari na saa za kila safari kwa kila kundi, uone kama unaziweza hata mkipata msiba au mgeni. Denmark kulikuwa na jaribio liitwalo LISA, watu 451 wa umri wa kustaafu, kundi moja likinyanyua vyuma vizito mara 3 kwa wiki kwa mwaka mmoja. Walipopimwa tena miaka 4 baada ya kuanza, waliorudi walikuwa 369, na wale wa vyuma vizito walikuwa wameshikilia nguvu za miguu yao huku za wenzao zikipungua. Tunalijua hilo kwa sababu walirudi.

#16 Mwalimu Mstaafu

Marahaba mwanangu. Natumia aspirini ndogo kila asubuhi. Inahesabiwa? Na nikiumia usiku?

#17 Muuguzi wa Zamu

Shikamoo mwalimu. Aspirini inahesabiwa, waambie jina na kipimo, na usiiache mwenyewe kwa ajili ya sindano. Wanaoamua ni daktari wako na wao kwa pamoja. Dawa za kienyeji na virutubisho navyo vitaje, kuna vinavyofanya damu ichelewe kuganda.

Kuhusu usiku, kwenye fomu panatakiwa namba inayopokelewa saa 24. Ipige siku unayopewa fomu, jioni, uone kama kuna mtu anapokea. Ukishaanza, yapo mambo yasiyosubiri kipindi kijacho: kifua kubana, kuzimia au kukaribia kuzimia, goti kuvimba ghafla, na mkojo kugeuka rangi ya kahawia baada ya mazoezi mazito, maana hiyo ni dalili kwamba misuli imevunjika sana na figo zinaweza kuumia. Hayo nenda hospitali iliyo karibu kwanza, uwaonyeshe kadi ya jaribio, ndipo uwapigie wao.

#18 Mwalimu Mstaafu

Nimepiga. Imepokelewa na binti mmoja, amejua jina la jaribio na amenitajia daktari wa zamu. Fomu nimempa mwanangu anisomee kurasa zilizobaki.